MREJESHO: Joto la bati na tovuti nzito

Wakuu, salaam. Wiki tatu zilizopita niliuliza mambo mawili: chumba changu cha paa la bati hapa Mbagala kinawaka kama tanuri kuanzia saa sita mchana, na tovuti yangu ya picha za ukarabati wa nyumba inachelewa mno kufunguka kwenye simu. Mlinishauri nisikimbilie kununua feni ya pili.

Nilianza na paa: nilisugua kutu ya bati kwa brashi ya waya, nikapaka praima (rangi ya kwanza ya kushikisha), kisha rangi nyeupe mara mbili. Kazi ni ya alfajiri, maana ikifika saa tatu bati halikanyagiki. Halafu fundi akatoboa matundu juu ya ukuta, chini ya paa, pande zote mbili, tukayafunika kwa wavu wa mbu. Hewa moto iliyokuwa imejifungia juu ya dari sasa ina pa kutokea. Saa nane mchana nikigusa dari ni vuguvugu tu. Zamani ungeondoa mkono haraka. Mwanangu analala mchana shingo ikiwa kavu. Hilo limenifurahisha kuliko yote.

Kwenye tovuti, tatizo lilikuwa picha. Nilizipandisha kama zilivyotoka kwenye simu, MB 4 kila moja. Nimepunguza upana hadi pikseli 1200, nyingi zimeshuka chini ya KB 300. Inafunguka vizuri hata mtandao ukisuasua.

Dada uliyesisitiza matundu, asante sana. Kabla ya masika nitaweka vibao vya kukinga mvua pale, nami nitaleta picha.