Ritani ni tarehe 20, mimi naanza tarehe 19 usiku: nifanyeje wakuu?

Karani wa Msimbazi
Wakuu habari za humu. Niende moja kwa moja.

Mimi ni mhasibu wa kampuni ndogo ya vifaa vya ujenzi hapa Kariakoo, mwaka wa nne sasa. Kazi naijua na muda ninao. Ritani ya VAT ya mwezi, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, inatakiwa iwe imeingia TRA (mamlaka ya mapato) kabla tarehe 20 ya mwezi unaofuata haijaisha. Nina wiki karibu tatu za kuiandaa, lakini kila mwezi naanza tarehe 19 jioni, wenzangu wameshaondoka, tumebaki mimi na mlinzi.

Asubuhi naingia na nia njema kabisa. Natoa ile bahasha ya kaki yenye risiti za manunuzi, naiweka mezani. Halafu nasema ngoja kwanza ninywe chai. Chai na vitumbua vinaisha saa nne. Nikirudi nafuta vumbi kwenye kompyuta, napanga mafaili, namsaidia dada wa mapokezi printa yake iliyokwama (hii naifanya kwa moyo mmoja). Mchana ni ubishi wa Simba na Yanga. Saa kumi naitazama bahasha, bahasha nayo inanitazama, nairudisha kwenye droo.

Mwezi uliopita nilipoifungua nikakuta risiti nne za EFD, zile za mashine ya kodi ya dukani, zimefutika. Mnajua zile karatasi zinachapwa kwa joto, na droo yangu iko chini ya dirisha linalopigwa jua. Zilikuwa nyeupe kama hazijawahi kuandikwa kitu. Ikabidi nizunguke madukani eneo la Gerezani kuomba nakala kama ombaomba. Ritani iliingia saa tano na dakika arobaini usiku. Mke wangu ameanza kudhani nina mchepuko wa kila tarehe 19.

Ngoja ngoja huumiza matumbo naijua tangu darasa la tatu, msinirudishie. Nataka mbinu. Naomba kuwasilisha.

Mkata Mkaa
Mkuu huo ni uvivu, usiutafutie jina zuri. Ungekuwa kibarua wa zege ungefika saa kumi na mbili asubuhi, maana usipofika hulipwi.

Nyanya Mbichi
Achana naye huyo. Jaribu mtindo wa nyanya. Kuna Mwitaliano anaitwa Francesco Cirillo, alipokuwa mwanafunzi miaka ya 1980 mwishoni alitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya kujibana asome. Kwao nyanya ni pomodoro, ndiyo maana mbinu inaitwa hivyo. Unafanya kazi dakika 25 bila kugusa kitu kingine, unapumzika 5, unarudi. Mimi nimemalizia ripoti nyingi kwa staili hiyo, simu ikiwa imefungiwa kwenye begi.

Karani wa Msimbazi
Nimejaribu leo mkuu. Dakika ya sita bosi kaita. Dakika ya kumi na moja mteja anataka bei ya nondo za milimita 12. Dakika ya kumi na nne mteja yuleyule, sasa anataka za milimita 16. Nyanya imeoza.

Mama Cherehani
Pole baba. Mimi ni fundi cherehani, na sisi mafundi ndio walimu wa kuchelewesha, muulize yeyote aliyewahi kupeleka kitambaa wiki ya Idi. Nilikuwa nakaa na kitambaa cha mtu mwezi mzima, kipo kwenye mfuko palepale kilipoachwa. Kushona hakukunishinda. Kilichonishinda ni ule mkasi wa kwanza, maana ukishakata umekata. Siku hizi mteja akileta nakata siku hiyohiyo, hata kama nitashona baada ya wiki mbili. Na jioni sifungi duka nikiwa nimemaliza nguo. Naacha mshono katikati, sindano ikiwa ndani ya kitambaa. Asubuhi nikikaa mguu wenyewe unakanyaga, sina haja ya kujishawishi.

Baharia wa Likoni
Ndugu yangu, huku Mombasa ni hayo hayo. Ritani yetu ya mwaka mwisho wake ni 30 Juni, mtu ana miezi sita tangu Januari, lakini pita saiba yoyote usiku wa tarehe hiyo uone umati. Mimi nilimpa jirani yangu shilingi elfu tano za Kenya nikamwambia, nisipokuonyesha stakabadhi kabla ya tarehe 15 Juni, kula. Mwaka wa kwanza alikula, na akanikaribisha pilau. Mwaka wa pili sikumpa nafasi hiyo.

Shangazi wa Hesabu
Mwanangu, nimesimamia wahasibu zaidi ya miaka ishirini. Wanaosema uvivu hawajakusoma vizuri. Mvivu hahangaiki na printa ya mwenzake. Nikuulize mawili. PAYE, ile kodi ya mishahara ya tarehe 7, huwa unaiwasilisha lini? Na ndani ya hiyo bahasha, ni karatasi gani hutaki kuiona?

Karani wa Msimbazi
Shikamoo shangazi. PAYE naimaliza tarehe 3, na sijawahi kulifikiria hilo mpaka ulipouliza.

La pili limenikalisha chini. Ngoja niseme tu, humu hakuna anayenijua. Kuna tofauti ya shilingi 1,340,000 kati ya manunuzi niliyoyaingiza mwezi wa tatu na risiti nilizonazo mkononi. Nilijua nitazipata. Sikuzipata. Kila nikiigusa ile bahasha nakumbuka. Bosi hajui.

Shangazi wa Hesabu
Marahaba. Basi saa ya nyanya ingekusaidia nini? Kuna mtaalamu wa saikolojia kule Kanada, Timothy Pychyl, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Carleton, amechunguza tabia hii miaka mingi, na hoja yake ni kwamba mtu anayeahirisha anakimbia hisia mbaya iliyoshikamana na kazi, wala shida yake si kupanga muda. Nami nimeyaona hayo ofisini.

Kesho bahasha iache. Chukua karatasi, andika mwezi, kiasi, na risiti za wauzaji gani hazipo. Nusu ukurasa inatosha. Mpelekee bosi kabla ya chai, maana baada ya chai hutakwenda, nakujua. Usimwambie "kuna changamoto kidogo". Taja tarakimu. Kama ritani ile ni ya kurekebisha itarekebishwa, na riba ikiwapo ni afadhali ya leo kuliko ya mwezi ujao. Na kuanzia sasa risiti ikiingia ipige picha hapohapo, kabla jua halijaisoma.

Mkata Mkaa
Shangazi kanifunga bao. Nafuta la uvivu. La zege nalibakiza.

Karani wa Msimbazi
Mrejesho wakuu. Nilikwenda. Bosi alisoma, akanyamaza muda mrefu, akauliza, "Tangu mwezi wa tatu?" Nikasema ndiyo. Nilisemwa, na nilistahili, maana kilichomuuma ni ile miezi ya kimya kuliko hela yenyewe. Alipotulia akashuka kwenye gari lake, akarudi na risiti mbili za saruji alizonunua mwenyewe akasahau kunipa. Moja inasomeka, 780,000. Ya pili ilikaa juu ya dashibodi, nyeupe pe. Hiyo tunaifuatilia kwa muuzaji, tusipoipata tunarekebisha ritani.

Leo ni tarehe 12. Bahasha imebaki nusu, na jana niliondoka risiti moja nikiwa nimeiandika namba bila kiasi, kama sindano ya Mama Cherehani. Asubuhi kweli niliianza hiyo kabla ya chai. Ila nakiri, haya nayaandika saa za kazi.

Naishia hapa, dada wa mapokezi anasema printa imekwama tena.