Majina ya Kihispania ndani ya Kiingereza: ni nani mwenye haki ya kuamua matamshi?

Muulizaji
Ndugu wasomaji, kazi yangu ni kusoma habari kwa Kiingereza, na mara kwa mara ninakutana na majina ya miji, ya watu au ya vyakula yenye asili ya Kihispania. Nikiyatamka kama Wahispania, wapo wasikilizaji wanaosema ninajikweza. Nikiyatamka Kiingereza, wengine wanasema ninayadharau. Je, kosa hasa ni lipi?

Mhariri
Ndugu, ningetenganisha miji na watu. Mji uliomo katika nchi inayozungumza Kiingereza una wenyeji wake, na hao ndio waamuzi, hata kama matamshi yao yangemshangaza Mhispania. Wakazi wa Buena Vista, jimboni Colorado, husema "Byuna Vista". Los Angeles, iliyoasisiwa mwaka 1781 chini ya utawala wa Hispania, ilizua ubishi mrefu baada ya Marekani kuichukua California mwaka 1848: wapo waliotaka "Anheles", wapo waliotumia g kama ya "gari", na wapo waliosema j, hadi meya Fletcher Bowron alipoitisha jopo mwaka 1952, nalo likaipitisha j. Hata hivyo usijenge kanuni juu ya mfano huo, kwa sababu La Jolla, katika jimbo hilohilo, imebaki "La Hoya", ilhali San Pedro husikika "San Pidro".

Mtu ni tofauti, kwa kuwa yupo na anaweza kuulizwa. Wala usidhani kwamba kila mwenye jina la Kihispania anataka litamkwe Kihispania. Zipo familia zilizoishi Marekani kwa vizazi kadhaa ambazo matamshi yao ya Kiingereza ndiyo jina lao halisi.

Mwanaisimu
Ninakubaliana na Mhariri, ila kosa linaloniudhi zaidi ni la wale wanaotia ugeni mahali usipokuwapo. Pilipili iitwayo habanero imepewa jina kutokana na Havana, nayo huandikwa kwa n ya kawaida, lakini wasemaji wengi wa Kiingereza huitamka "habanyero", bila shaka kwa kuiga jalapeño, pilipili nyingine ambayo kweli ina ny. Empanada, andazi lenye kujazwa nyama au mboga, nayo hupata "ny" isiyo yake. Kosa hilo haliishii kwenye Kihispania: j ya Beijing hulainishwa kana kwamba ni ya Kifaransa, ingawa j ngumu ya kawaida ya Kiingereza iko karibu zaidi na Kichina. Mtu wa namna hiyo hajatamka Kiingereza wala lugha ya asili.

Mkalimani
Niongeze jambo la kiutendaji. Kihispania kina irabu tano zinazokaribiana sana na zetu, na neno linaloishia kwa irabu kwa kawaida hupata mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo Mswahili hulisoma jina kama Florida kwa mkazo uleule wa Kihispania, juu ya "ri", bila kufundishwa. Kiingereza huusogeza mkazo huo hadi mwanzoni na kuzififisha irabu zinazobaki. Unaposoma sentensi ya Kiingereza, shika mkazo wa Kiingereza kwa majimbo na miji yao, na kwa jina la mtu aliye hai lenga irabu na mkazo sahihi, bila kulazimisha rr ya kutetemesha ulimi katikati ya sentensi.

Muulizaji
Nashukuru sana. Na Don Quixote, jina la ile riwaya maarufu ya Kihispania, je?

Mwanaisimu
Siku hizi wengi husema "Don Kihoti" kwa Kiingereza, ingawa kivumishi quixotic, kilichotokana na jina hilo, kimebaki na sauti ya "kwiks". Anayedai kwamba h ndiyo pekee ya asili akumbuke kuwa kitabu hicho kilipochapwa mwaka 1605, x ya Kihispania ilikuwa bado ikitamkwa na wengi kwa sauti inayokaribia sh, na ndiyo maana Wafaransa huandika Quichotte hadi leo.