Wasiwasi, kupagawa, uraibu: lipi linafaa kwa akili iliyotekwa na wazo moja?

Swali
Ninaandika makala ya afya ya akili kuhusu mtu anayerudiwa na wazo lilelile bila hiari yake, hata akaukagua mlango mara nyingi ilhali anajua ameufunga. Wasiwasi naliona jepesi, kupagawa linanuka mapepo, na uraibu huelekea kwenye vileo. Asili za maneno haya ni zipi, na lipi linafaa?

Jibu la kwanza
Wasiwasi si neno jepesi. Ni sisi tuliolipunguzia uzito kwa kulitumia kwa kila shaka ndogo. Limetokana na Kiarabu waswas, yaani mnong'ono, na silabi yake inayorudiwa inaiga sauti yenyewe. Ndilo lililomo katika sura ya 114 ya Kurani, ambamo mtu anaomba kinga dhidi ya anayenong'ona vifuani mwa watu. Wanafikihi, yaani wataalamu wa sheria ya Kiislamu, nao huliita wasiwasi tatizo la mtu anayerudia udhu kwa kudhani haukutimia, na huyo ni ndugu wa mkagua mlango wako. Zaidi ya hayo, Ibn Sina, tabibu aliyefariki mwaka 1037, aliiweka ishki (ndiyo ashiki yetu) miongoni mwa maradhi ya aina ya wasiwasi, akaifananisha na sonona.

Jibu la pili
Nakubali, ila kupagawa lisidharauliwe. Kitenzi pagaa kina maana ya kubeba mzigo begani, ndipo tukapata mpagazi, na pia ya pepo kumwingia mtu. Kwa hiyo aliyepagawa, kwa jinsi ninavyolisoma neno, hajiendeshi tena. Kasoro yake iko hapo hapo: mgonjwa unayemweleza kwa kawaida anatambua kwamba wazo lake halina mantiki. Kilatini kilimwona vizuri zaidi, kwa kuwa obsidere, asili ya neno la Kiingereza obsession (wazo linaloiteka akili), ni kuuzingira mji, na kanisa likatofautisha pepo anayemzingira mtu kwa nje na yule aliyekwisha kumwingia.

Jibu la tatu
Uraibu liache. Hapo awali lilihusu vitu vya kujiburudisha, kama tumbaku na tambuu, na mkagua mlango haburudiki hata kidogo.

Muulizaji
Ahsanteni. Je, niseme "wasiwasi sugu"?

Jibu la kwanza
Sugu hueleza kwamba hali imedumu, bali haielezi kulazimishwa. Ningeandika "wasiwasi shurutishi", nikaufafanua mara ya kwanza unapotajwa, kisha nikaendelea na "wasiwasi huu".