Nimeshuka Kilimanjaro, sasa ngazi za nyumbani zinanishinda

Mwalimu wa Tabata
Habari zenu wapendwa. Jumatatu alfajiri nilifika Uhuru, mita 5,895, na bado nikikumbuka machozi yananilengalenga. Tulipandia Machame. Kupanda nilikumudu, maana miezi minne nilikuwa nakimbia Coco Beach kila Jumamosi. Kilichonimaliza ni kushuka. Siku ileile ya kilele tulishuka hadi kambi ya Mweka, kesho yake getini.

Leo Jumatano nimekaa kwenye basi kutoka Moshi mchana kutwa. Kufika Dar, magoti hayakunjiki. Nakaa ghorofa ya tatu, ngazi nashuka kinyumenyume huku nimeshika ukuta. Shemeji anasema ni asidi imeganda kwenye mapaja, nikandwe kwa nguvu na maji ya moto. Jirani kaniletea diklofenaki, dawa ya maumivu. Jumatatu nasimama darasani tangu asubuhi. Nisaidieni.

Mgumu wa Machame
Hongera sana dada, na pole. Huu ni mwaka wangu wa 11 mlimani, nilianza na upagazi. Kupanda kunataka pumzi, kushuka kunataka mapaja. Kutoka kileleni hadi kambi ya Mweka unateremka karibu mita 2,800 kwa siku moja, na kila hatua paja la mbele ndilo breki. Ufukweni ni tambarare, paja lako halikuwahi kufundishwa kazi hiyo.

Hata sisi wagumu, masika yakiisha tukarudi kazini, safari ya kwanza inatuuma. Ya pili haiumi hivyo, mwili umeshazoea. Usijifungie kitandani. Amka utembee taratibu, hata dakika kumi kila baada ya muda. Na ule vizuri. Mimi nikirudi nyumbani nakuta mtori wenye nyama ya kutosha, nalala saa tisa mfululizo, naamka mtu mwingine.

Fizio Moshi
Kaka hapo juu kasema kweli. Naongezea kuhusu asidi, kwa sababu wengi wanaumizwa na imani hiyo. Ile inayotengenezwa ukijitahidi huondoka ndani ya saa moja au mbili ukishapumzika, kwa hiyo ya Jumatatu haipo. Kilichotokea ni nyuzi za misuli kuchanika vidogovidogo, kwa kuwa msuli ulikuwa unakaza huku unavutwa. Mwili unapoanza kukarabati panavimba kidogo, ndiyo maana siku ya pili na ya tatu ndizo kali.

Mwambie shemeji akukande kwa upole, kwa mafuta tu. Kukandamiza kwa nguvu ni kuumiza palipokwisha kuumia. Maji ya uvuguvugu yanatuliza, oga. Diklofenaki usiikimbilie: kama umetoka mlimani hujanywa maji ya kutosha inaweza kuumiza figo, na mwenye vidonda vya tumbo asiiguse kabisa.

Sasa nijibu haya mawili leo hii, tafadhali. Mkojo wako una rangi gani? Ukiwa kama kola au chai ya rangi, nenda hospitali usiku huuhuu. Na je, kuna mguu mmoja uliovimba kuliko mwenzake, hasa shavu la mguu? Baada ya kukaa kwenye basi muda mrefu hivyo damu inaweza kuganda mshipani, nayo si ya kusubiri asubuhi.

Mwalimu wa Tabata
Asanteni mno. Mkojo ni mweupe, na miguu yote miwili iko sawa, nimepima kwa futi ya fundi cherehani. Diklofenaki nimemrudishia jirani. Nimezunguka uani mara sita, mara ya mwisho hatua zilikuwa nyepesi kidogo. Jumamosi naweza kurudi Coco?

Fizio Moshi
Nenda, lakini utembee. Mbio uanze siku utakayoshuka ngazi zako zote ukitazama mbele, bila kushika ukuta.