"Inaeleweka mno"! Jamani, yule bwana kanikata maini

Nimetoka Ngome Kongwe sasa hivi, mkono wanitetemeka. Simtaji, mnamjua. Yule wa kofia ya viua, anayemkosoa kila mtu.

Nimesoma hadithi yangu mbele za watu. Kijana wa Wete anamchumia bibi yake karafuu, analipwa kwa kipimo cha pishi, basi anaficha makonyo, vile vijiti vya karafuu, chini ili pishi zipande. Bibi anajua. Hasemi. Anamkalisha jamvini usiku kucha wachambue pamoja. Watu kimya, hata chai imepoa. Ndipo bwana akasimama, akakohoa: "Hadithi hii inaeleweka mno."

Inaeleweka MNO! Mbele ya mama mkwe wangu!

Yeye ambaye mtu wa riwaya yake kafungua mlango ukurasa wa kwanza na mpaka leo hajaingia! Wahusika wote wanaitwa "yeye". Yeye akamwambia yeye kwamba yeye kamuona yeye. Nimeianza botini Malindi, tumetia nanga Mkoani, yule mtu bado kashika kitasa!

Muhammed Said Abdulla, na mpelelezi wake wa hadithini Bwana Msa, alishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957–58. Muuaji humjui mpaka mwisho, lakini kila sentensi unajua nani kasimama wapi. Fumbo liko kwenye kisa, jamani, si kwenye sarufi!

Inaeleweka mno. Wallahi silali.

Yakhe_wa_Malindi: Huyo huyo! Mie kanambia wauza samaki wa hadithi yangu wanasema sana, wanyamaze "wapate kina". Mnadani Malindi, watu wanyamaze!

KonyoKavu: Bi dada, na wewe punguza. Bibi anajua tangu mwanzo, sasa sie tunangoja nini?

Mwenye uzi: Hakusema habari ya bibi! Kasema INAELEWEKA MNO!

KonyoKavu: Tumeelewa. Mno.

MtuWaMicheweni: Bora nyie. Mie mhariri kanisafishia mazungumzo yote. Bibi kizee wa Micheweni anamfukuza kuku: "Ningependa uondoke hapa." Kuku gani atatoka?

Yakhe_wa_Malindi: 😂😂 Wangu kafuta "yakhe" zote kitabu kizima.

KonyoKavu: Mkishamaliza, nani ana kamusi yangu? Nilimuazima mtu humu humu.

MtuWaMicheweni: Ile isiyo na jalada?

KonyoKavu: ILIKUWA NA JALADA!