Kupanua jotoardhi nyikani: mvuke wa moja kwa moja, mitambo midogo, au mzunguko uliofungwa?

Mkaazi wa Shela: Assalaam alaykum, ndugu zangu. Tangu kibali cha mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa hapa Lamu kilipofutwa mwaka 2019, nimekuwa nikitetea umeme wa jotoardhi, yaani wa mvuke utokao chini ya ardhi ya Bonde la Ufa. Lakini mahali panapongojea mitambo mipya, kama Paka kule Baringo, ni nyika kavu. Je, ni mtambo wa aina gani unaofaa pale ambapo hata maji ya kunywa hutafutwa kwa taabu?

Fundi wa Malindi: Wa alaykumu salaam. Kule Olkaria, karibu na Naivasha, kazi ilianza mwaka 1981 kwa mashine moja ya megawati 15, ambapo mvuke huzungusha moja kwa moja tabaini, yaani mashine ya mapanga inayoendesha jenereta. Mtindo huo ni imara, ila sehemu kubwa ya maji hupotelea hewani kwenye minara ya kupozea. Katika mzunguko uliofungwa, joto la kisima huchemsha kiowevu kingine kinachogeuka mvuke upesi, kiowevu hicho ndicho kinachozungusha mashine, kisha hupozwa kwa mapangaboi, na maji ya kisima karibu yote hurudishwa chini. Olkaria III hupozwa hivyo, kwa hewa. Kasoro yake ni kwamba jua la mchana likiwa kali, umeme hupungua.

Muuza barafu, Mkomani: Kaka fundi, kasoro hiyo mimi siioni kuwa kubwa. Mchana tunao umeme wa jua wa Langobaya, karibu na Malindi, megawati 40, lakini magharibi ikiingia umekwisha. Majokofu yangu hugandisha usiku kucha ili wavuvi wapakie barafu mashuani kabla ya alfajiri, na saa hizo ndizo hewa ya nyikani inapopoa na mtambo kupata nguvu.

Mkaazi wa Shela: Umenena, dada. Nami naongeza la visima. Sisi tunaoteka maji chini ya vilima vya mchanga vya Shela twajua kwamba kisima kikitekwa kupita kiasi, maji huanza kuonja chumvi. Hifadhi ya mvuke nayo ikinyonywa bila kurudishiwa maji, shinikizo hushuka, na visima vipya huchimbwa, kilomita mbili au zaidi kwenda chini, ili kufidia vilivyochoka tu.

Mwanafunzi wa Mpeketoni: Na mitambo midogo inayofungwa kwenye mdomo wa kisima, kama ule wa Eburru uliowashwa mwaka 2012?

Fundi wa Malindi: Hiyo hula mvuke mwingi zaidi kwa kila megawati, mdogo wangu. Hata hivyo huleta umeme mapema, na huonyesha mwenendo wa kisima kabla ya fedha nyingi kuzamishwa. Kwa Paka, mimi ningeanza na michache ya namna hiyo, nipime shinikizo mwaka hadi mwaka, kisha nipanue kwa mzunguko uliofungwa, awamu kwa awamu, huku wafugaji wa pale wakiachiwa mabomba ya maji yaliyovutwa kwa ajili ya uchimbaji.