Mtoto wa miaka 11 hataki kula, nifanyeje?

Wapendwa naombeni msaada, kijana wangu wa darasa la sita siku hizi chai ya asubuhi hagusi, usiku anamega matonge mawili ya ugali anasema nimeshiba, na naona amepungua kabisa yani roho inaniuma.

— Pole dada. Mpeleke wapime choo na damu, minyoo na upungufu wa damu vyote vinakata hamu ya kula. Dawa ya minyoo alimeza lini?

— Cheki na anachokula njiani, soda na chipsi saa kumi na moja, ugali wa saa mbili atauweka wapi?

— Muulize taratibu mambo ya shule. Wangu alikuwa ananyang'anywa hela na wakubwa, akawa kimya hataki kula, nikadhani malaria kumbe ni hofu.

— Asanteni sana, kesho asubuhi nampeleka akapime.